Kuandaa picha zilizoskaniwa kwa ajili ya video: kuanzia kioo cha skana hadi taimlaini

Maswali ya wanaoanza ni yale yale kila siku. Niskani kwa dpi (nukta kwa kila inchi) ngapi? Mbona picha nikiivuta karibu inaingia ukungu? Mbona kompyuta inakwama na nimeweka picha arobaini tu? Mbona pembeni pamebaki weusi? Mengi kati ya hayo yana chanzo kimoja: skana iliwashwa kabla mtu hajajua picha itafanya kazi gani ndani ya video. Kwa hiyo hapa tunaanzia mwisho, kwenye fremu ya video, kisha tunarudi nyuma hadi kwenye karatasi iliyo mkononi mwako.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Skana bapa yenye uwezo halisi wa dpi 1200 au zaidi. Tazama namba iliyoandikwa optical kwenye maelezo ya kifaa. Zile namba kubwa kama 9600 au 19200 ni za programu inayojibunia pikseli, hazikuongezei chochote.
- Kwa negativu na slaidi, skana yenye taa upande wa kifuniko. Skana ya kawaida haiwezi kazi hiyo hata ukiibembeleza.
- Puto la kupulizia vumbi na vitambaa viwili vya nyuzi laini: kimoja cha kioo, kingine cha picha.
- Glavu za pamba, au mikono iliyooshwa na kukauka vizuri.
- Programu ya kuhariri picha. GIMP ni ya bure na inatosha. Photoshop ukiwa nayo, sawa.
- Rula.
- Nafasi kwenye diski. Picha ya inchi 6 kwa 4 iliyoskaniwa kwa dpi 600, rangi za biti 24, huchukua takriban MB 26. Ukipandisha hadi dpi 1200 inafika MB 104, yaani mara nne, kwa sababu urefu na upana vyote vimeongezeka maradufu.
- Majibu mawili: mradi wako wa video ni wa ukubwa gani, na utavuta picha karibu kiasi gani?

## Nadharia kidogo tu: video haijui dpi

Video inahesabu pikseli. Fremu ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Ya 4K ina 3840 kwa 2160. Dpi ni agizo unalompa skana achukue nukta ngapi katika kila inchi ya karatasi. Skana ikishamaliza kazi, namba hiyo inabaki kuwa lebo tu ndani ya faili.

Ndiyo maana ule ushauri kwamba picha za video ziwe dpi 72 unaharibu kazi za watu. Chukua picha yenye pikseli 1800 kwa 1200 na lebo ya dpi 300. Ukibadilisha lebo peke yake, hakuna kilichobadilika. Ukibadilisha huku ukiiruhusu programu ihesabu pikseli upya, unabaki na pikseli 432 kwa 288. Hiyo haijazi hata robo ya upana wa fremu ya HD.

## Hatua kwa hatua

1. Piga hesabu kabla ya kuskani

Kanuni ni hii:

*dpi = upana wa fremu × kiasi cha kuvuta ÷ upana wa picha kwa inchi*

Kama picha itatulia tu, kiasi cha kuvuta ni 1. Ukitaka kuisogelea hadi nusu ya upana wake ijaze skrini, ni 2. Sentimita zigawe kwa 2.54 upate inchi.

Mifano ya kazi zinazojirudia:

- Picha ya mlalo ya 10 × 15 cm (inchi 6 upana), HD, bila kuvuta: 1920 ÷ 6 = dpi 320.
- Picha hiyo hiyo ikivutwa mara mbili: 3840 ÷ 6 = dpi 640. Weka 600 au 800, kutegemea chaguo lililopo kwenye skana.
- Picha ya wima ya ukubwa huo, ukitaka ijaze upana wa HD kisha kamera ipande kutoka miguuni hadi usoni: 1920 ÷ 4 = dpi 480. Weka 600.
- Pasipoti ya 35 × 45 mm, ionekane nzima kwa kimo chote cha HD: hapa tumia kimo badala ya upana, 1080 ÷ 1.77 = dpi 610. Ukitaka kuivuta mara mbili, 1200.
- Hati ya A4 iliyosimama, ijaze upana wa HD: 1920 ÷ 8.27 = dpi 232. Weka 300.
- Negativu au slaidi ya milimita 35, HD, kuvuta mara mbili: fremu yake ina upana wa mm 36, yaani inchi 1.42, kwa hiyo 3840 ÷ 1.42 = dpi 2700 hivi.

Kama picha itakaa nzima halafu usogelee uso mmoja kati ya kundi, pima kwa rula eneo litakalojaza skrini mwisho wa mwendo. Likiwa na upana wa sentimita 5, hiyo ni inchi 1.97, nawe unahitaji karibu dpi 975.

Ila kuna ukomo ambao hesabu haiuoni. Picha nyingi zilizosafishwa studio hazina undani zaidi ya dpi 300 hadi 600. Ukipita hapo unaanza kuskani chembechembe za karatasi, na uso haupati kope zaidi ya zile ulizokuwa nazo. Hesabu ikikudai dpi 1200 kwa picha ya karatasi, tafuta negativu yake. Kama haipo, punguza mwendo wa kusogelea na uridhike.

2. Safisha

Pulizia picha kwa puto, mbele na nyuma, kisha ipanguse taratibu kwa kitambaa kikavu. Usitumie maji, mate wala dawa ya vioo juu ya picha. Kioo cha skana kipanguse kwa kitambaa kilicholowa kidogo sana. Ukinyunyizia kioo moja kwa moja, maji hupenya kwenye kingo na kuacha ukungu upande wa ndani usioweza kuufikia.

Dakika mbili hapa zinaokoa nusu saa kwenye hatua ya 7.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu yake ya ukutani usiibandue. Utabaki na ngozi ya picha kwenye kioo na karatasi nyeupe mkononi. Iskani ikiwa na kioo chake, au ipige kwa kamera iliyowekwa sambamba nayo, taa mbili zikiwa pembeni kwa nyuzi 45, flashi imezimwa.

3. Weka mipangilio ya skana

- Rangi: chagua rangi kamili hata kwa picha nyeusi na nyeupe. Nyingi zina uhudhurungi wake, na chaneli tatu (nyekundu, kijani na buluu) zinakusaidia baadaye kuondoa madoa ya manjano.
- Biti: 48 (16 kwa kila chaneli) kwa picha zilizofifia au zenye giza, kwa sababu utazinyoosha sana. 24 (8 kwa kila chaneli) inatosha kwa picha ambazo hazijaharibika.
- Umbizo (aina ya faili): TIFF, isiyopoteza ubora.
- Zima marekebisho yote ya kiotomatiki: kunoa, kurudisha rangi, kuongeza mwanga. Skana ikishachoma weupe wa shati, hakuna programu itakayourudisha.
- Kwa picha iliyochapishwa kwenye gazeti, kitabu au kadi, washa kichujio kinachoitwa descreen. Bila hicho, nukta za mashine ya uchapaji zitatengeneza mawimbi yanayocheza picha inapotembea kwenye video. Kwa picha ya studio kizime, kinalainisha nyuso.
- Kipengele cha kuondoa vumbi kwa miali ya infraredi ni kizuri kwa filamu za rangi. Kwa filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe kizime: fedha iliyomo kwenye filamu huzuia miali hiyo, na skana huidhania picha yenyewe kuwa ni uchafu.

4. Skani, kisha kagua kwa asilimia 100

Acha ukingo wa milimita chache kuzunguka picha, utakata baadaye. Unaweza kupanga picha nne kwenye kioo kwa mkupuo mmoja, mradi ziachane kwa sentimita moja na zilingane mwanga. Ukichanganya picha nyeusi tititi na iliyopauka, mojawapo itaumia.

Baada ya picha ya kwanza, ifungue na uitazame kwa asilimia 100, si ikiwa imebanwa ienee kwenye skrini. Angalia macho, angalia kingo za nguo. Ukiona pete za rangi kama mafuta juu ya maji, picha imegusa kioo kwa namna isiyo sawa: inua, pulizia, rudisha. Ni afadhali kugundua kasoro kwenye picha ya kwanza kuliko ya themanini.

Karatasi yenye vipele au mchoro kama sega la asali ni mtihani. Taa ya skana hutokea upande mmoja na kila kipele hutupa kivuli. Skani mara mbili, mara ya pili ukiwa umeigeuza picha nyuzi 180. Zungusha skani ya pili irudi sawa, iweke juu ya ya kwanza kama tabaka, ilinganishe kwa makini, kisha shusha uwazi wake hadi asilimia 50. Vivuli vitapungua sana.

5. Funga nakala mama

Weka TIFF zote kwenye folda inayoitwa MAMA na usiziguse tena. Kazi zote zinazofuata zifanyike kwenye nakala. Wengi huruka hatua hii hadi siku wanapohifadhi picha iliyopunguzwa juu ya ile kubwa, na picha ya karatasi imesharudi kwa mwenyewe.

6. Nyoosha, kata, weka rangi sawa

Nyoosha kwanza, kata baadaye. Usifuate ukingo wa karatasi, kwa sababu studio nyingi zilikata karatasi kombo; fuata kitu kilicho ndani ya picha, kama fremu ya mlango au upeo wa bahari. Kwenye GIMP, chombo cha kupimia kina kitufe cha kunyoosha: buruta mstari juu ya kitu hicho, bonyeza, imekwisha. Kisha kata ukingo mweupe wote. Uzi mweupe wa pikseli mbili hauonekani kwenye programu ya picha, lakini juu ya weusi wa video unang'aa.

Kwa mwanga na rangi, fungua Levels, dirisha lenye grafu ya mwanga wa picha. Sogeza pembetatu nyeusi hadi mahali mlima wa grafu unapoanza kushoto, na nyeupe hadi unapoishia kulia. Isizidi hapo. Picha za rangi zilizozeeka mara nyingi hugeuka nyekundu kwa sababu rangi ya samawati ndani ya karatasi imefifia kuliko nyingine. Hizo zirekebishe chaneli moja moja, nyekundu, kijani, halafu buluu, kwa kanuni ile ile. Ukishamaliza, angalia ngozi. Ukuta ukibaki na umanjano kidogo hakuna atakayelalamika, ila uso wa kijani kila mtu atauona.

Usibane viwango vya mwanga wewe mwenyewe kutoka 0–255 kwenda 16–235 eti kwa sababu ni video. Programu za kuhariri za siku hizi hufanya ubadilishaji huo zenyewe. Ukibana na wewe, inabanwa mara mbili: weusi unakuwa majivu.

7. Ondoa vumbi na mikwaruzo

Tumia chombo cha kuponya kwa nukta, na cha kunakili kwa mikwaruzo inayokatiza mistari ya wazi kama kola au ukingo wa meza. Anza usoni na angani. Mchanga na nyasi viache, havionyeshi. Na usitafute ukamilifu wa pembe zote za picha itakayokaa sekunde tano. Ukishajua mwendo utaanzia wapi na kuishia wapi, unajua pia ni sehemu gani haitaonekana kabisa.

Usinoe bado.

8. Amua picha itakaaje ndani ya fremu

Picha nyingi za kamera ni za uwiano wa 3:2, na fremu ya video ni 16:9. Haziwezi kulingana bila kukata au kuacha nafasi.

Picha ya mlalo ukiijaza kwa upana inakuwa 1920 × 1280: unapoteza mistari 200 ya kimo. Programu itakata 100 juu na 100 chini bila kuuliza, na huko juu ndiko vichwa viliko. Isogeze picha chini ili ukataji wote ule sakafu.

Picha ya wima ndiyo tabu. Ikionekana nzima inachukua 720 × 1080 na kuacha pikseli 600 kila upande. Una njia nne:

- Acha weusi. Ni safi, na kwa filamu ya kumbukumbu haina ubaya wowote.
- Weka nakala ya picha hiyo hiyo nyuma yake, ikuzwe ijaze fremu, itiwe ukungu wa pikseli 40 hadi 60 na ipunguzwe mwanga. Imetumika mno. Mara mbili tatu kwenye video nzima inatosha.
- Panga mbili za wima kwa pamoja: nafasi ya 160, picha, 160, picha, 160. Jumla 1920 kamili.
- Jaza upana na utembeze kamera wima. Picha itakuwa na kimo cha 2880, kwa hiyo safari nzima ni pikseli 1800. Ukiikamilisha kwa sekunde 10 kwenye fremu 25 kwa sekunde, kila fremu inasogea pikseli 7 hivi. Kwa sekunde 5 inasogea 14, na mruko unaanza kuonekana kwa macho.

Usivute picha upande mmoja ili ijaze. Nyuso zinanenepa na mwenye picha atajua papo hapo.

Ukitaka kuandika majina, acha asilimia 5 ya kila ukingo bila maandishi. Baadhi ya televisheni hukata kingo.

9. Punguza ukubwa, noa, hifadhi

Punguza nakala ya kazi ifikie pikseli ulizozihesabu, si zaidi. Kwa mradi wa HD, upande mrefu wa 3840 unatosha karibu kila kitu. Kwa 4K, 5760 inakupa nafasi ya kuvuta mara moja na nusu. Tumia njia ya kupunguza iliyo bora kwenye programu yako, kama cubic au Lanczos.

Sasa noa, kidogo: nusu kipenyo cha pikseli 0.5 hadi 0.8. Nyuzi nyeupe zikitokea kuzunguka mabega, umezidisha. Picha yenye vitambaa vya mistari, matofali au wavu usiinoe kabisa.

Kisha hakikisha mambo matatu: hali ya rangi ni RGB (ya skrini) na si CMYK (ya uchapaji), wasifu wa rangi, yaani maelezo ndani ya faili ya jinsi rangi zisomwe, umebadilishwa kuwa sRGB, na biti ni 8 kwa kila chaneli. Hifadhi kama PNG. JPEG ya ubora wa 90 kwenda juu nayo inafaa, ila haibebi uwazi. Picha uliyoikata umbo ili kuiweka juu ya mandhari lazima iwe PNG.

10. Ipe jina

`010_bibi_mlangoni.png`, `020_shule_darasa.png`. Anza na namba, ruka kwa kumi ili upate nafasi ya kuchomeka picha katikati, na usiweke nafasi tupu wala alama za ajabu. Majina kama `scan0001`, `scan0002`, `scan0003` ni mtego: programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve huyakusanya na kuyafanya klipu moja, kila picha ikipita kwa fremu moja.

11. Ingiza na ujaribu picha tatu

Chagua moja ya mlalo, moja ya wima, na moja yenye mistari mingi. Ziwekee mwendo wa kweli, kwa mfano kutoka asilimia 100 hadi 110 kwa sekunde 6, na ulainishe mwanzo na mwisho wa mwendo. Renda hizo tatu (zitoe kuwa video kamili), zitazame kwenye televisheni au skrini kubwa. Zikipita, endelea na nyingine zote.

## Ikigoma

Picha inaingia ukungu ukiivuta, na una hakika pikseli zipo. Kwenye programu ya kuhariri video ya Premiere Pro, bofya klipu kwa kitufe cha kulia uone kama Scale to Frame Size ina tiki. Ikiwa nayo, picha imeshapunguzwa hadi ukubwa wa fremu kabla hujaivuta, na pikseli za ziada hazitumiki. Ondoa tiki, upange ukubwa kwa Scale ya kawaida. Angalia pia mpangilio wa programu unaoamua hilo kila picha inapoingia.

Mistari ya nguo au matofali inametameta picha inapotembea. Picha ni kubwa mno kwa fremu, au imenolewa mno. Rudi hatua ya 9, ipunguze. Ikibaki inameta, itie ukungu wa pikseli 0.3 hadi 0.7. Kama video ni ya fremu zilizogawanywa mistari (interlaced) kwa ajili ya matangazo ya televisheni, tia ukungu huo kwa wima peke yake. Hasara yake kwa macho ni ndogo.

Nyuso zimenenepa au zimekonda. Kwenye Resolve, tafuta mpangilio wa mafaili yasiyolingana na fremu. Umewekwa kunyoosha hadi pembe zote. Kwa mradi wa zamani wa PAL (mfumo wa televisheni) wa 720 × 576, pikseli za video si za mraba: andaa picha ya uwiano wa 4:3 kwa 768 × 576, na programu itaibana yenyewe.

Rangi zimefifia kuliko ulivyoziona. Faili limebaki na wasifu mpana kama Adobe RGB, na programu ya video haikuusoma. Libadilishe kuwa sRGB. Kubadilisha ni tofauti na kubandika wasifu mpya juu. Ukibandika tu, tatizo linabaki.

Faili halifunguki, au rangi zimegeuka. Mara nyingi ni CMYK, hasa picha ikiwa imetoka kwa mtu wa uchapaji.

Picha zote zimepita kama umeme. Zimesomwa kama klipu moja. Zipe majina upya, au kwenye Resolve weka Frame Display Mode kuwa Individual kabla ya kuziingiza. Kwenye Premiere, ondoa tiki ya Image Sequence kwenye dirisha la kuingiza.

Kuna uzi mweupe kuzunguka mtu uliyemkata. Umbo lilikatwa juu ya mandhari nyeupe, na kingo zimebeba weupe huo. Bana barakoa (umbo linaloficha mandhari) ndani kwa pikseli moja au mbili, ulainishe ukingo kwa pikseli moja, hifadhi tena.

Kompyuta inakwama. Tazama ukubwa wa mafaili kwenye taimlaini. Picha ya pikseli 7200 kwa 4800 inalazimu mashine ipunguze nukta karibu milioni 35 kwa kila fremu ya mwendo. Zikishakuwa nakala za kazi za 3840 na bado inasota, renda kipande hicho ndani ya programu kwanza, ndipo uendelee kuhariri.